Wino wa Zambarau

Katika nchi ile mtu hakuwa uso wala jina. Mtu alikuwa kidole. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kidogo ambacho peke yake hakiwezi hata kuokota punje ya mchele, ndicho kilichopewa kazi ya kumsemea mwenyewe mbele ya serikali. Kikiwa kitupu, mtu huyo hajapiga kura, hajachanjwa, hajahesabiwa, na pengine hajazaliwa. Kikiwa na wino, basi mambo yake yote yamekwisha, na hata agaegae barabarani akiapa kwamba hajafanya lolote, ataambiwa mbona kidole chako kimeshasema. Sasa uliza, kama una moyo wa kuuliza: kidole kikisema hivi na mwenyewe akisema vile, nani kati yao ndiye mtu? Kule swali hilo walilijibu zamani, wakalifungia kabatini katika Idara ya Vidole, na ufunguo akapewa Bwana Shebe, mkuu wa Idara.

Siku ninayoisimulia ilikuwa siku ya kura, nayo ilikuwa imeingia mwezi wake wa tatu. Usinitumbulie macho. Sheria ilisema vituo vifungwe saa kumi za jioni, na saa kumi za jioni zikakatazwa kufika mpaka matokeo yakae yanavyotakiwa. Jua likasimama pale lilipoamriwa, juu kidogo ya bati la Idara, na watu wakapika, wakalala, wakagombana, wakazika, yote mchana uleule mmoja. Mtoto aliyezaliwa kura zilipofunguliwa alikuwa sasa anajua kucheka. Watu wakazoea. Mwanadamu ukimlisha uchafu kijiko kimoja kimoja, hufika mahali akakuuliza mbona leo umechelewa kuniletea. Kitu kimoja tu katika nchi nzima kilikataa kuzoea, nacho ni barafu. Barafu iliyeyuka kwa saa zake za kale, haikumsikiliza mkubwa wala mdogo.

Barafu hiyo aliibeba Bi Mashavu begani, ndani ya kasha la chanjo.

Bi Mashavu alikuwa mpaka wino wa Idara. Miaka ishirini na miwili alitembea mlango kwa mlango. Siku za chanjo alimdondoshea mtoto matone mawili mdomoni, akampaka wino kidoleni, kisha akaandika kwa chaki mlangoni watoto waliomo ni wangapi na waliopata ni wangapi. Siku za kura alikaa kituoni, mwisho wa meza, na kichupa kilekile, akichovya vidole vya watu wazima. Wino ulikuwa mmoja kwa kazi zote mbili. Idara iliona ni hasara kuweka aina mbili za ukweli. Na kwa miaka saba ya mwisho Bi Mashavu alikuwa hawezi tena kula kwa mkono. Mwanamke aliyelelewa kufinyanga tonge, sasa wali wake alikula kwa kijiko, kwa kuwa kila alipopeleka vidole vyake mdomoni alisikia kinyaa kikimpanda kutoka tumboni. Majirani wakasema Bi Mashavu kaanza uzungu. Aliwaacha waseme.

Kinyaa kile kilikuwa na tarehe yake, na ni lazima niieleze, ingawa kuieleza kwenyewe kunanichafua.

Ugonjwa uliochanjiwa nchini mle uliitwa magoti. Mtoto hulala na homa, homa ikashuka, na kesho yake anapotaka kusimama magoti yanakataa. Hupiga magoti, na ndivyo anavyokua. Wakubwa walikuwa na utani wao kwenye karamu zao, kwamba magoti ya mtoto ni ugonjwa lakini ya mtu mzima ni adabu, wakacheka mpaka mabega yakatikisika. Dawa yake ilikuwapo, nayo ilifanya kazi. Hilo ulishike vizuri, maana watu wengi wa nchi ile walikuja kulipoteza. Matone mawili tu, na mtoto angesimama maisha yake yote mbele ya yeyote.

Miaka saba nyuma, wakati nchi ilikuwa bado na jioni, dawa ilikwama. Wengine walisema bandarini, wengine walisema mifukoni. Kura nyingine zilikuwa zimekaribia na Bwana Shebe alitaka taarifa yake iwe kamili, kila mtoto kachanjwa, kila kidole kina wino. Basi asubuhi moja wapaka wino walikabidhiwa chupa zilizojaa, na hakuna aliyeuliza zimejaa kutoka wapi. Kwenye nyumba ya kwanza tu, tone lilimwangukia Bi Mashavu mkononi, naye kwa mazoea ya jikoni akalilamba. Lilikuwa la chumvichumvi, lenye ladha ya kutu ya ndoo. Mtaa mzima ulilelewa kwa ladha ile. Yalikuwa maji ya kisima cha Idara.

Alifanya nini basi, huyu mama wa watu, mwenye kusali na kufunga? Aliendelea. Alipaka wino, akaandika chaki, akaaga, akaenda mlango wa pili. Nyuma yake alikuwapo karani wa daftari, kijana wa Idara mwenye kalamu sikioni, akiandika kila alichokifanya. Mlango wa kumi na tatu ulikuwa wa binti yake, Raya, na ndani alikuwamo Zaina, mjukuu wake wa kwanza, mwenye miaka miwili, aliyemkimbilia bibi yake mikono juu.

Maji hayadhuru. Maji ni maji. Kanywa maji mangapi tangu azaliwe huyu. Nikimruka mjukuu wangu, wataniuliza. Karani ana kalamu. Mimi nina kazi moja tu. Dawa itakuja mwezi ujao, nitampa kwa siri. Fungua mdomo, mjukuu wangu. Fungua. Hodari wewe.

Mwezi uliofuata dawa haikuja. Yaliyokuja ni magoti, na watoto thelathini na mmoja wa mtaa ule hawakusimama tena, na mmoja wao alikuwa Zaina.

Watu si wajinga, bwana. Waliweka hili na lile pamoja. Wakasema watoto wetu walikuwa wazima, wakapewa matone, wakapiga magoti, kwa hiyo matone ndiyo yaliyoleta magoti. Serikali ikatoa kanusho, na kanusho ndilo lililowathibitishia, kwani lini serikali ile ilikanusha kitu ambacho hakikutokea? Hesabu yao ilikuwa nzuri kabisa, ila ilikosa tarakimu moja, na tarakimu hiyo alikuwa nayo Bi Mashavu peke yake, kinywani, kama punje ya mchanga ndani ya wali. Angeweza kusema. Hakusema. Aliuacha uongo wa mtaa uwe kweli, kwa sababu kweli yenyewe ilikuwa na jina lake ndani. Raya alipolia kwamba dawa imemharibia mwanawe, mama mtu alimshika kichwa akamwambia mwanangu, Mungu yupo.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo kila chanjo ilipotangazwa, kina mama walikwenda mapema kuchuma zambarau. Walizisaga, wakawapaka watoto vidole vya mwisho, wakakaa vizingitini wakisubiri, na mpaka wino alipobisha hodi aliinuliwa mkono wa mtoto: huyu tayari, bibi, tulipatia kule kwa shangazi yake. Wengine walijiandikia chaki wenyewe. Bi Mashavu alijua tofauti, wino hukaa ukuchani na zambarau hukaa kwenye mikunjo ya ngozi, lakini yeye na zambarau ile walikuwa na siri inayofanana, basi akaandika chaki akapita. Na Idara? Idara ilifurahi. Hesabu zilipanda bila tone kudondoka. Mwaka wa pili yake magari ya Idara yalipita mitaani yakigawa miche ya mizambarau bure, mitano kila kaya, na watu wakapokea wakishukuru. Walidhani wanaidanganya serikali, kumbe serikali ndiyo inayowapalilia uongo wao.

Sasa turudi kwenye mchana wetu usiokwisha. Ndani ya mwezi wake wa tatu, dawa ya kweli ilifika. Nani aliyeituma na kwa sababu gani, haikujulikana, wala pale Idarani hakuna aliyeisubiri; Bi Mashavu akaondolewa kituoni, akabebeshwa kasha. Bi Mashavu aliionja tone moja kabla ya kutoka, pembeni, amejifunika mtandio. Ilikuwa na uchungu kidogo, halafu utamu wa kulazimisha, na haikuwa na chumvi hata chembe. Alikuwa na mjukuu wa pili, Tumu, mdogo wake Zaina, wa miaka mitatu, ambaye hajawahi kupata chochote isipokuwa zambarau. Na homa ilikuwa imeshaanza kuonekana mitaa ya ng'ambo ya mtaro.

Alipiga hodi milango hamsini. Milango hamsini ikamwinulia vidole vya zambarau. Alipofika wa hamsini na moja alifungua kasha akaona barafu imekuwa vipande vidogo vinavyoelea, na dawa hiyo, ikishapata joto, haina tofauti na maji ya kisima. Akageuka, akaenda kwa Bwana Shebe.

Bwana Shebe alikuwa anakula zambarau. Alikuwa na sahani nzima mbele yake, akizitia mdomoni kwa mikono iliyovaa glavu nyeupe, kwani hakuna mtu aliyewahi kukiona kidole chake kama kina wino au hakina. Meno yalikuwa ya zambarau, ufizi wa zambarau, na kokwa alizitema kiganjani, akazipanga juu ya taarifa ya chanjo zikaloanisha karatasi. Harufu ya chumba ilikuwa tamu kiasi cha kutapisha. Bi Mashavu alimweleza kwamba watoto hawajachanjwa hata mmoja, ni rangi ya matunda ile, na magoti yamefika mtaroni. Bwana Shebe akamwonyesha karatasi: asilimia mia. Akamwambia dawa iliyobaki aimwage, arudishe chupa tupu, kwa sababu chupa tupu ndiyo ushahidi.

"Bwana Mkubwa," alisema Bi Mashavu, "watangazie watu kwamba yale ya miaka saba yalikuwa maji. Wakijua yalikuwa maji, watajua dawa haijamdhuru mtu."

Bwana Shebe alitafuna, akameza, akamtazama karibu kwa huruma.

"Ukiwaambia kwamba tuliwapa maji tukayaita dawa," alisema, "leo ukiwapa dawa, wao wataiita nini?"

Hapo ndipo Bi Mashavu alipotaka kutapika kwelikweli. Si kwa ule ufizi wala zile kokwa. Ni kwamba mtu yule alikuwa amesema kweli. Aliuchukua ukweli mmoja, mzima, usio na kasoro, akaufanya mfuniko wa shimo la choo, na wewe huwezi kuuinua bila harufu kukujia usoni. Ukisema, hawataamini. Ukinyamaza, wameshakataa kuamini. Je, kuna wakati mtu husema kweli kwa sababu itafaa, au husema tu kwa sababu imeshaanza kuozea ndani yake? Bi Mashavu hakulijua jibu. Alilitia kasha begani, akatoka bila kuitia saini ile taarifa.

Uani kwa Raya alikuta wanawake wamejaa, na fujo. Walikuwa wametoka kituoni kupiga kura, wote, mstari mzima, wamejifunga kibwebwe kwenda kuing'oa Idara na Bwana Shebe wake. Na wote wamerudishwa. Wakati walipowapaka watoto zambarau, kina mama wale walikuwa wanajipaka na wao kwanza, ili mtoto asione vibaya, aone ni mchezo wa mama na mwana. Sasa mezani kituoni waliambiwa nyinyi mmeshapiga, mbona vidole vyenu vina wino. Walipokula kiapo, daftari likafunguliwa, na kila jina lilikuwa tayari na alama yake pembeni, safi, iliyokauka zamani. Bi Mize, jirani wa ukuta kwa ukuta, mjane mwenye watoto wanne, alikuwa ameketi chini anakisugua kidole chake kwa jivu mpaka kimetoka damu.

Raya hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anaosha mchele, akiufikicha kwa nguvu ndani ya maji meupe, na Tumu amemkalia pajani.

"Nilitaka kura moja tu, mama," alisema bila kuinua uso. "Niwatoe wale waliomtia mwanangu dawa ile."

Kweli iliyokaa miaka saba haitoki kwa mpango. Bi Mashavu alikuwa ameandaa maneno njiani, yenye kuanza kwa Bwana Shebe na kukwama kwa dawa na karani na kalamu yake. Hayakutoka hayo. Alisema kwamba haikuwa dawa. Yalikuwa maji ya kisima cha Idara. Tone lilimmwagikia mkononi akalilamba akayatambua, na akaendelea kuwapa watoto. Alisema Zaina hakuharibiwa na dawa, aliharibiwa kwa kuikosa. Alisema leo dawa ya kweli anayo begani na barafu inakwisha, na Tumu hana kinga. Aliyasema yote wima, kwa sauti ya kawaida, mbele ya wanawake wote wale.

Mikono ya Raya iliendelea kuufikicha mchele. Ilifikicha kwa muda mrefu, punje zikakatika.

"Kwa hiyo ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Ukanishika kichwa ukaniambia Mungu yupo."

Raya akaikung'uta mikono yake maji, akaifuta kwenye kanga. Akauliza kuhusu matone ya leo, na mama yake akamjibu kwamba ameyaonja mwenyewe, ni dawa yenyewe.

"Ulimi wako ulikwisha kujua mara moja," Raya alisema, "na haukutufaa kitu. Lete chupa."

Akaichukua, akajidondoshea tone ulimini, akafumba macho. Ladha ya dawa hakuijua, hakuwahi kuionja maishani. Lakini ladha ya kisima kile aliijua kuliko alivyolijua jina lake, na haikuwamo. Si imani aliyokuwa nayo pale, usije ukadhani. Imani ilishakufa uani mle, na mzoga wake ulikuwa bado unanuka. Alikuwa na ulimi wake tu. Akamwinua Tumu kidevu, akamdondoshea matone mawili kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto akakunja uso, akameza. Bi Mashavu, kwa mazoea, alishatoa kichupa cha wino amekifungua, na Raya alimtazama tu, naye akakifunga akakirudisha.

Bi Mize ndiye aliyefuata. Alisema naye aonje. Akaonja, akatema, akaonja tena, akaenda mbio kuwaleta wanawe. Na yule mwingine akasema naye, na yule wa nyuma yake. Kasha likafunguliwa katikati ya ua, chupa zikapita mkono kwa mkono, kila mama akionja kwanza. Hebu litazame jambo hilo kwa jicho kavu: kila tone lililolambwa na mama lilikuwa la mtoto fulani, na watoto kadhaa wa mtaa ule watakosa kwa sababu mama zao walilazimika kuonja. Hiyo ndiyo bei ya yale maji, nayo haikuandikwa kwenye taarifa yoyote. Hakuna mama aliyemwachia Bi Mashavu amguse mtoto wake. Walimchukulia chupa mikononi bila kumtazama, kama mtu anavyochukua kitu juu ya meza.

Aliketi kando, karibu na ndoo. Alikuwa amechoka hasa. Akawaona watoto wakikunja nyuso, mmoja baada ya mwingine, akahesabu kimoyomoyo kwa mazoea ya kazi, kumi na nane, kumi na tisa, na polepole, aibu juu yake, akaanza kujisikia nafuu. Nimesema, alijiambia. Nimesema mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha, na watoto wanapata. Kifua kilikuwa chepesi. Alisikia hata njaa, na akaona leo anaweza kula kwa mkono.

Zaina alikuja akijivuta kwa magoti kutoka kizingitini, alikokuwa amekaa tangu mwanzo bila mtu kumkumbuka. Alikuwa na miaka tisa sasa, mtoto mpole wa kuuliza maswali machache. Akatulia mbele ya bibi yake, macho yao sawasawa kwa kuwa bibi amekaa.

"Bibi," alisema, "lile tone ulilolilamba. Ulililamba kabla hujanipa mimi, au baada?"

Neno lilikuwapo, jepesi, karibu kabisa. Baada. Lingemtosha mtoto, lingemtosha na Raya, na katika nchi nzima hapakuwa na daftari la kulipinga. Bi Mashavu alilisikia likija mpaka kwenye meno.

"Kabla," alisema.

Zaina aliitikia kwa kichwa. Aliitazama mikono ya bibi yake iliyolala juu ya kanga, akaitazama sana. Kisha akageuka, magoti yakikwaruza saruji, akaenda kukaa upande wa mama yake.